Kaburi Lenye Joto

Hapo zamani za kale, mawe yalipokuwa bado yanakua ardhini kama viazi, lilitokea jambo moja ambalo nimelifikiri miaka mingi na sijaweza kulitegua. Tembo mmoja jike alisimama mbele ya kaburi lisilokuwa na maiti. Tembo mnaijua pua yake, watoto wangu: hunusa maji yaliyo chini ya mchanga. Akaunyoosha mkonga, akalinusa kaburi lile juu, akalinusa chini, akanusa tena. Kisha akaweka tawi lake kwa heshima, akaenda zake, asiseme neno.

Je, alijua? Na kama alijua, kwa nini alinyamaza? Sijui. Nitawapa kisa chote, labda mmoja wenu ataona nisichokiona.

Juu ya bonde la mto palikuwa na kilima cha mawe, na kwenye kilima hicho aliishi pimbi mmoja mjane aitwaye Mama Tunu. Pimbi ni mnyama mdogo. Hamshindi sungura kwa kimo, hana mkia wa kujivunia wala pembe za kutishia. Alichojaliwa ni akili ya haraka, na ufa kwenye mwamba wa kukimbilia.

Chini ya mwamba wake palikuwa na bustani. Haikuwa ya wakubwa. Ilikuwa ya watoto, na Mama Tunu ndiye aliyewafundisha. Watoto wa kanga walidonoa viwavi kwenye kunde, do! do! do!, hata kiwavi asipate nafasi ya kuaga. Watoto wa sungura walitandaza nyasi kavu kati ya matuta ili jua lisiunyonye udongo. Tunu, binti wa Mama Tunu, alipanda mbegu, kwa kuwa vidole vyake vilikuwa vidogo. Na Sikudhani, ndama wa tembo, alimwagilia. Alishuka mtoni, akajaza mkonga, akapanda tena kilimani, na fyuuu! mvua ndogo ikanyesha juu ya mchicha.

Tunu na Sikudhani walikuwa marafiki kama chanda na pete.

"Sikudhani, usipige chafya!"

"Kwani nikipiga?"

"Juzi ulipiga, nikaokotwa kwenye bamia!"

"Si mimi niliyekuokota?"

"Ndiyo, lakini ulinitafuta kwanza kwenye maboga!"

Ndivyo walivyokuwa, kucha kutwa wakibishana na kucheka.

Lakini bustani ile ilikuwa na shida. Udongo wake ulikuwa umechoka, umekuwa mweupe kama kisigino cha msafiri. Na hicho kidogo ulichotoa, wakubwa walikila. Maboga yakianza tu kuwa na rangi, Bwana Nyati hupita, kwaa, kwaa, kwaa. Nyuma yake hufuata Mzee Kiboko na tumbo lake. Wakiondoka hubaki vishina na nyayo.

Katika kiangazi kilichotangulia, Tunu alikuwa na kaka, jina lake Kheri. Kheri alikufa. Hakufa kwa ugonjwa, wala hakuanguka jabalini. Alikufa kwa njaa, maboga yakiwa yameliwa na wenye matumbo makubwa. Na wale wale walioyala ndio waliokuja kumzika, wakilia machozi ya kweli. Msishangae. Mtu anaweza kula chakula cha mtoto bila kujua, kisha akamlilia kwa moyo wake wote.

Sasa sikilizeni desturi ya bonde lile. Wanyama walijifunza kwa tembo. Mmoja akifa, kila jirani huleta majani, au nyasi, au chochote cha kwake, akamfunika marehemu. Na mpaka majani yale yaoze yawe udongo, hakuna ukwato wala unyayo wa mkubwa utakaokanyaga mahali pale kutafuta chakula. Watoto tu ndio waliruhusiwa, kwa kuwa mtoto hakatazwi kucheza karibu na mwenzake. Majani yakishakuwa udongo, ndipo matanga huanuliwa.

Mama Tunu alimzika Kheri pembeni mwa bustani, akalia mpaka sauti ikamkauka. Lakini jicho la mzazi huona hata likiwa na machozi. Aliona kwamba siku zote za matanga, bustani haikuguswa na wakubwa, na Tunu akapata kula. Aliona pia kwamba majani yalipooza, udongo wa mahali pale uligeuka mweusi, na boga likajiotea lenyewe, likanenepa.

Hakulila. Lakini aliliweka moyoni.

Mvua zilipokaribia, aliwaendea wakubwa kwa adabu. Alianza na Bwana Nyati.

"Hodi, Bwana Nyati."

"Nani huyo? Sioni mtu."

"Niko hapa chini, karibu na ukwato wako. Tafadhali usiusogeze."

"Unataka nini?"

"Nimekuja kuomba samadi. Udongo wa watoto umechoka."

"Samadi? Mavi yangu?"

"Ndiyo, bwana. Naona yamejaa tele, na huna kazi nayo."

Nyati akafikiri. Kufikiri kwa Nyati si jambo dogo. Nzi wote waliruka kumpisha. "Kama wewe unayataka," akasema, "basi yana thamani. Na kama yana thamani, sikupi."

"Basi walau msituingilie bustanini."

"Bustani yenu iko kwenye njia yangu."

"Njia yako ya kwenda wapi, bwana?"

"Ya kwenda bustanini."

Mzee Kiboko, aliyekuwa akisikiliza kutoka majini, akacheka hadi mto ukapanda ukingo. "Pandeni tu, Mama Tunu, pandeni! Sisi tutavuna. Hatuchoki!"

Mama Tunu akashukuru, kama inavyompasa mdogo kumshukuru mkubwa hata anaponyimwa, akarudi kilimani. Akamwita binti yake ndani kabisa ya ufa wa mwamba.

"Tunu, mwanangu, nataka ufe."

"Nife, mama?"

"Kidogo tu."

"Kufa kidogo ndiyo kufanyaje?"

"Ndiyo kukaa humu ndani, usitoke, usicheke, usiite mtu, mpaka mboga ziive na watoto wote washibe. Wakubwa watatuletea wenyewe walichotunyima, na hawatatuingilia."

Tunu akafikiri. "Sikudhani nimwambie?"

"Usimwambie."

"Ni rafiki yangu."

"Ndiyo maana. Mtoto wa tembo hajui kuficha neno. Masikio yake yenyewe husema. Akijua yeye, mama yake amejua. Akijua mama yake, bonde zima limejua."

"Atalia, mama."

"Atalia, kisha atanyamaza."

"Una hakika?"

Mama Tunu akamtazama mtoto wake, mbavu zake zinahesabika. "Mimi Kheri wangu sijamnyamazia," akasema. "Sitaki kuanza kukulilia na wewe kwa kweli."

Tunu akajikunyata mle mle ufani.

Mnasema Mama Tunu alikosea? Labda. Aliyeshiba hamjui mwenye njaa, nami leo nimekula. Tuendelee.

Asubuhi bonde liliamshwa na kilio. "Uwiii! Uwiii! Jamani, Tunu wangu! Tunu wangu ameniacha!"

Katikati ya bustani palikuwa na kifurushi kidogo kilichoviringishwa kwa majani ya migomba. Ndani yake mlikuwa na mabua ya kunde na maganda ya maboga. Nani angefungua kifurushi cha maiti akague? Wanyama wakaja, mmoja mmoja, vichwa chini.

Bwana Nyati alikuja na mzigo wa nyasi kinywani. "Makiwa, Mama Tunu. Nimeleta nyasi za malazi yangu. Samahani, zina... zina samadi kidogo."

"Zilete, bwana, zilete. Marehemu hakuwa na kinyaa."

Mzee Kiboko alikuja na magugu ya mtoni na tope. "Haya mabichi niyaweke wapi?"

"Juu ya zile kavu, mzee wangu. Kavu, kisha mbichi, kisha kavu. Ndivyo alivyopenda kulala."

"Na maji nimwage?"

"Kidogo tu. Yalowe, yasitote."

Kiboko akamnong'oneza Nyati: "Hawa pimbi wana mambo mengi kwenye mazishi."

"Nyamaza, usimtie uchungu," Nyati akamjibu. Akaenda mbio kuleta mzigo mwingine, puu! Kisha mwingine, puu! Lundo likapanda, likawa refu kuliko sungura aliyesimama juu ya sungura mwenzake.

Mnacheka. Hata Mama Tunu, uso ukiwa ndani ya viganja, alikaribia kucheka. Udongo wake ulikuwa unaletwa mlangoni na wale wale waliomnyima.

Kisha tembo wakafika.

Mama Sikudhani alisimama mbele ya lundo, akanyoosha mkonga, akanusa. Nimekwisha kuwaambia alivyofanya. Aliweka tawi lake, akarudi nyuma, akampisha mwanawe.

Sikudhani akatazama huku na huku. "Yuko wapi?"

"Yuko humo, mwanangu," akasema Mama Tunu.

"Humo ndani?"

"Ndiyo."

"Mbona jana tulipanda bamia? Tulibakiza tuta moja. Aliniambia, 'Kesho, Sikudhani.'"

Nyati alitazama kwato zake. Sikudhani akaenda pembeni, akatafuta miongoni mwa matawi, akayaacha makubwa yote. Akachagua kijiti kimoja chembamba, akakilaza juu ya lundo polepole, kwa kuwa Tunu alikuwa mdogo na huenda angelemewa.

Mama Tunu hakuwa tena na haja ya kuficha kicheko. Kilikuwa kimekwisha chenyewe.

Mvua ikanyesha. Hila ikafanya kazi yake yote. Hakuna ukwato ulioingia bustanini. Mchicha ulichanua, kunde zikatambaa, maboga yakakaa juu ya nyasi kama wazee barazani. Watoto wa kanga walishiba, watoto wa sungura wakanenepa mashavu, na mwaka ule kilimani halikuchimbwa kaburi dogo hata moja. Hilo msilisahau mnapompima Mama Tunu.

Lakini kila asubuhi Sikudhani alikuja. Alimwagilia matuta yote, kisha akaketi kando ya lundo.

Asubuhi moja ya ubaridi, aliona moshi mwembamba mweupe unapanda kutoka lundoni. Akausogeza mkonga wake, akaligusa lundo, akaurudisha upesi. Joto!

Ninyi mlioshika jembe mnajua. Majani makavu na mabichi, samadi na maji, vikirundikwa pamoja hupata joto vyenyewe, hata ukitumbukiza mkono unaweza kuungua. Ni kazi ya viumbe wadogo wasioonekana, wanaokula na kupumua humo ndani. Ndivyo mboji inavyozaliwa. Lakini tembo hutawanya tu matawi juu ya wafu wao. Hawajawahi kurundika kwa mpango ule. Sikudhani alijua jambo moja: wafu ni baridi, na walio hai wana joto.

"Tunu!" akanong'ona. "Una joto! Unapumua!"

Lundo likatoa moshi.

"Kumbe umelala tu. Usiogope, sitamwambia mtu. Wakubwa wakijua watakufukua kwa pupa, baridi ikuingie. Wewe lala. Ukitaka kuamka, amka."

Tangu siku hiyo hakuwa na huzuni tena, na hilo likawa baya zaidi. Alikuja mapema, akaegemeza ubavu wake kwenye lundo. Alimsimulia Tunu habari za bamia, na kiwavi aliyewashinda mbio watoto wa kanga. Aliimba wimbo waliokuwa wakiuimba wakipanda. Na majani aliyopewa na mama yake ale, aliyaweka juu ya lundo.

"Nimekuletea. Mimi nimeshiba."

Hakuwa ameshiba. Ngozi yake ilianza kulegea mabegani. Mama Tunu aliona kutoka jabalini, akashuka.

"Sikudhani, mwanangu, nenda nyumbani ukale."

"Nimekula, Mama Tunu."

"Umekula nini?"

"Nimekula pamoja na Tunu."

Mama Tunu akageuza uso kama mtu aliyeingiwa na kibanzi jichoni, akapanda mwambani. Ndani ya ufa, Tunu alikuwa ameketi, magoti kidevuni.

"Mama, ananiita."

"Nasikia."

"Anasema nina joto."

"Nasikia, mwanangu."

"Mama, mimi huku nina baridi."

"Vumilia. Maboga bado kidogo."

"Nimchungulie tu. Nimpungie mkono mmoja."

"Ukimpungia yeye, umewapungia Nyati na Kiboko. Wenzako watakula nini?"

Tunu akalaza kichwa ukutani, mahali wimbo ulipopenya vizuri.

Siku zikaenda, lundo likaanza kupoa. Ndivyo mboji ilivyo: ikishakula kilichokuwa karibu, hutulia. Sikudhani aliweka mkonga wake asubuhi moja, akautoa, akauweka mahali pengine.

"Tunu? Mbona leo umepoa? Tunu, unaumwa?"

Akazunguka lundo, akaligusa pande zote. Akalilalia kwa ubavu wake wote ili alipe joto lake mwenyewe. Siku ile hakumwagilia hata tuta moja.

Mama Tunu hakuweza kuvumilia. Alfajiri kabla ndama hajafika, alichukua uma wa mti, akaligeuza lundo lote: ya juu yakaenda chini, ya ndani yakatoka nje. Ilikuwa kazi ya kumvunja mgongo kiumbe wa kimo kile. Mkulima yeyote atawaambia: ukiigeuza mboji, ikapata hewa, joto hurudi. Na lilirudi.

"Amepona!" Sikudhani alirukaruka, ti! ti! ti!, hata maboga yakatikisika. "Amepona, amepona! Nilijua hutaniacha, Tunu!"

Mama Tunu alisimama nyuma ya jiwe, viganja vimemchubuka, akiutazama wema wake. Alikuwa amemwonea huruma mtoto, na kwa huruma hiyo amemdanganya mara ya pili. Wala hakujua ni lipi lingine angefanya. Mimi pia sijui.

Alifanya hivyo kila lundo lilipopoa. Lakini mboji haigeuzwi milele. Ilifika siku majani yote yalikuwa yamekwisha kuwa udongo, hapana tena cha kuliwa humo ndani. Mama Tunu aligeuza, joto halikurudi. Akageuza tena kesho yake, halikurudi.

Sikudhani alikuja, akagusa. Akangoja. Akaimba wimbo wote mpaka mwisho, akagusa tena.

Kisha akapiga yowe. Bonde zima lilisikia.

Wakaja mbio, Nyati, Kiboko, tembo wote. Walimkuta anafukua kwa miguu ya mbele, tifu! tifu! udongo unaruka. Hapakuwa na kifurushi, wala unyoya, wala mfupa. Udongo tu, mweusi, mwepesi, wenye harufu ya mvua ya kwanza.

"Amekufa," Sikudhani akasema. "Alikuwa hai, nilikuwa nazungumza naye. Nimechelewa kumwamsha. Sasa amekuwa udongo."

Mama yake akamvuta kwake. Lakini Bwana Nyati alikuwa ameanza kufikiri, na nzi wakaanza kuruka.

"Mifupa iko wapi?" akauliza.

"Ndiyo," akasema Kiboko. "Hata pimbi ana mifupa."

Wote wakamgeukia Mama Tunu. Naye, watoto wangu, alikuwa na jibu tayari. Alikuwa amelitayarisha siku nyingi.

"Mifupa ya mtoto wa pimbi ni laini kama mizizi ya mchicha, bwana," akasema. "Huyeyuka na majani. Kwetu ndivyo ilivyo."

"Ahaa," akasema Nyati, na nzi wakatua.

Basi, ilikuwa imekwisha. Hila ilikuwa imefaulu. Mboga ziliiva, watoto walishiba, udongo mweusi ulipatikana, na wakubwa walikuwa wakijiandaa kuanua matanga na kwenda zao. Ilibaki Sikudhani peke yake, amepiga magoti, anajaribu kukusanya udongo ule kwa mkonga mahali pamoja, na kila akiukusanya unamwagika.

"Sikudhani."

Sauti ilitoka juu, mwambani. Ilikuwa ndogo, sauti ya mtu ambaye hajaongea siku nyingi. Tunu alishuka, macho yakimuuma kwa jua, akishikilia mawe. Mama yake alinyoosha mkono kama wa kumzuia, kisha akauteremsha.

Tunu akaja mpaka mbele ya rafiki yake. Sikudhani akausogeza mkonga, taratibu, akamgusa shavuni.

"Una joto," akasema.

"Ni mimi. Mimi ni mzima."

"Tangu lini?"

"Tangu siku zote."

"Ulikuwa wapi?"

"Pale juu. Ndani ya ufa."

Sikudhani akatazama ufa, akapima kwa macho ulivyo karibu. "Ulikuwa unanisikia nikikuimbia?"

"Nilikuwa nakusikia."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Sikudhani akaurudisha mkonga wake. Hakupiga kelele. Alikwenda akasimama nyuma ya miguu ya mama yake, kama afanyavyo ndama mbele ya mgeni.

Hapo ndipo Nyati alipopasuka. "Amenibebesha mavi yangu mwenyewe! Nikayabeba kwa kinywa changu! Nikalia juu yake! Leo bustani hii naisaga!"

"Na kilima chake tukibomoe!" akaitikia Kiboko.

"Ngojeni," akasema Mama Sikudhani. Alikuwa mkubwa wao, wakangoja.

"Mama Tunu, una la kusema?"

"Sina," akasema Mama Tunu. "Niliomba kwanza. Mkaninyima. Nilikwisha kuzika mmoja. Lakini huyu ndama hakuninyima kitu, na yeye ndiye niliyemuumiza. Kwa hilo sina la kusema."

Kiboko akamgeukia tembo. "Na wewe, dada, na pua yako yote hiyo, siku ile hukunusa kitu?"

Mama Sikudhani hakumjibu. Alitazama matuta, akatazama watoto wa kanga waliojibanza chini ya majani ya maboga, matumbo mviringo. Kisha akatoa uamuzi.

"Bustani haitasagwa. Samadi na majani tutaleta mchana kweupe kila msimu, hatutangoja kilio. Wala hakuna mkubwa atakayechuma humu."

"Hiyo ni zawadi!" Nyati akang'aka. "Unampa zawadi mwongo!"

"Si zawadi, Nyati. Mtoto aliyekufa tulimletea mizigo ambayo alipokuwa hai tulimnyima. Aibu hiyo si ya pimbi."

Akamgeukia pimbi.

"Nawe, Mama Tunu, utakwenda nyumba kwa nyumba, kwa kila aliyeleta jani. Utasimama mlangoni, useme kwa kinywa chako: 'Ulimlilia mwanangu, naye hakufa.' Usimtume mtu. Ili siku nyingine mtoto akifa kweli katika bonde hili, tuweze kuamini kilio."

"Na udongo huu?" akauliza Tunu kwa sauti ndogo. "Ni wa nani?"

"Ni wa aliyeulilia," akasema Mama Sikudhani. "Atautandaza yeye, anapotaka."

Yakafanyika. Mama Tunu alikwenda nyumba kwa nyumba kwa miguu yake mifupi. Wengine walimtukana. Mzee Kiboko alizama majini ili asimsikie, naye akangoja ukingoni mpaka pumzi ikamwisha mzee, akaibuka, akaambiwa. Bwana Nyati alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na yule Kheri, alikufa kweli?" Mama Tunu akasema, "Kheri alikufa kweli." Nyati akageukia ukuta wa zizi lake.

Udongo ulitandazwa na Sikudhani peke yake. Watoto wenzake walisimama pembeni, hakutaka kusaidiwa. Aliuchota kwa mkonga, akaenda tuta kwa tuta, la kanga, la sungura, lile la bamia ambalo halikupandwa. Tunu alikuwa ameketi mwisho wa tuta lake, hathubutu kusimama.

Sikudhani alipofika hapo alisimama kidogo. Kisha akalimwagia udongo mweusi kama mengine, haukupungua wala haukuzidi, akausawazisha vizuri kwa ncha ya mkonga, akapita.

Hila ya mdogo humshibisha mtoto mwenye njaa, lakini chozi la rafiki aliyelizwa bure hakuna anayeweza kumrudishia.